Mjomba, mbwa wa marehemu baba amezeeka na nyumba imegawanyika

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 38. Naishi na mama yangu na mwanangu wa miaka 9 katika nyumba aliyotuachia baba. Safu yako naisoma siku nyingi, na nilidhani siku nikikuandikia itakuwa habari ya mume. Leo nakuandikia habari ya mbwa. Ukiona haifai itupe, sitanuna.

Mbwa wetu anaitwa Watasema. Baba alikuwa mtu wa reli, akamleta mwaka 2011 kutoka Kilosa ndani ya kikapu cha machungwa, mdogo kiasi cha kunywea maziwa kwenye kifuniko. Wakati huo tulikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani, na jirani mwenyewe alikuwa na mdomo. Baba akasema mbwa huyu ataitwa Watasema, ili kila jioni akiitwa kula ujumbe uvuke ua. Ugomvi uliisha, jirani akahama, jina likabaki.

Usiku alikuwa akifunguliwa kulinda, na kwetu mwizi hakuwahi kukanyaga. Lakini kazi yake hasa ilikuwa baiskeli. Phoenix ya baba ilikuwa na mnyororo unaolia kwa namna yake, na Watasema aliusikia ikiwa bado huko kwenye mashine ya kusaga. Anainuka, anaenda getini, anakaa. Baba alifariki mwaka 2019. Kwa miezi mingi baada ya matanga, kila baiskeli ikipita alikuwa akiinuka. Siku hizi zinapita hata zenye kengele, hainui sikio. Amekuwa kiziwi.

Sasa ana miaka 14. Jicho moja limeingia ukungu mweupe. Miguu ya nyuma haina nguvu, anainuka kwa kujivuta na kwenye sakafu ya vigae anateleza kama mtu aliyevaa soksi. Mkojo unamtoka akiwa amelala. Usiku wa manane anazunguka ua akilia bila sababu, halafu anasimama ameukabili ukuta kama aliyesahau alikokuwa anakwenda. Chakula anakula siku mbili, ya tatu anakiangalia tu. Mama anampa nusu ya vidonge vyake mwenyewe vya magoti, diklofenaki, anasema vinamsaidia.

Wiki iliyopita mwanangu alimshika kiunoni ili amsaidie kuinuka. Akageuka akamng'ata. Jino lilimchuna mkono, damu ikatoka kidogo. Mama akaosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akasema hajakusudia. Chanjo yake ya mwisho ilikuwa mwaka juzi.

Kaka yangu yuko Dodoma, ndiye anayetutumia hela. Alipopata habari akapiga simu, nikaweka spika ili mama asikie. Akasema, "Mbwa mzee hana faida, anakula bure, mmalizeni. Kuna kijana nitamtuma aje na nyama yenye dawa, asubuhi mnazika." Mama alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akasema, "Na mimi nakula bure," akaingia chumbani. Mama naye ana maneno yake ya kuvunja mjadala. Tangu siku hiyo ukimtajia habari ya mbwa anasema uhai ni wa Mungu, na kwamba baba aliacha neno asiguswe. Mimi sikulisikia neno hilo.

Mimi ningependa aje daktari wa mifugo ampumzishe kwa sindano. Lakini nikiwaza hivyo najiona muuaji. Na nyumba ya pili wananisema: watu hawana hela ya dawa, huyu anataka kumwitia mbwa daktari.

La mwisho, naona aibu kulisema. Jumatatu nilishikwa na kilio ofisini. Mwenzangu akaniuliza kuna nini, nikashindwa kusema nalilia mbwa. Nikasema shangazi yangu mgonjwa sana. Jioni walimu wakaniletea bahasha, wamechanga elfu 45. Iko kwenye mkoba, sijaigusa.

Nifanye nini, Mjomba?

Mwalimu, Morogoro

---

Marahaba mpwa wangu. Sijaitupa.

Nianze na mkono wa mtoto, maana huo hauna subira. Mimi nawe tumeshaongea kwa simu siku ile ile barua ilipofika, lakini nawaandikia na wasomaji wengine. Mbwa akimng'ata mtu na ngozi ikachubuka, hata kwa jino moja, hata awe mbwa wa nyumbani mnayemjua tangu kikapuni, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mtu anakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Chumvi na kitambaa havitoshi. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Sindano zikiwahi kabla ya hapo, mtu anapona. Na mbwa mwenyewe haachwi azurure wala hauawi haraka haraka. Anafungwa na kutazamwa siku 10. Kama virusi vilikuwa tayari kwenye mate yake alipong'ata, ndani ya siku hizo ataumwa waziwazi au atakufa. Ndiyo maana nilikwambia mzuie kaka yako na kijana wake. Mbwa akiuawa siku ya pili, amezikwa na jibu lenu.

Nashukuru uliniambia mtoto ameanza sindano. Azimalize zote, asikatishe kwa sababu mkono umepona. Na siku 10 zimepita, Watasema bado anaramba uji wake. Basi alichomfanyia mjukuu si kichaa, ni maumivu. Ulimwona alivyogeuka? Aliguswa kiunoni. Anayeumwa nyonga akishikwa nyonga hujihami, mbwa au mtu.

Sasa tuongee.

Nikiri kwanza kwamba mimi si mtu wa mbwa. Nimezaliwa Pangani, katika nyumba ambayo mbwa akipitisha pua mlangoni ndoo ya maji inafuata. Lakini chuoni tulisomeshwa pia habari ya yule aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Na watu wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu kizingitini, ametajwa pamoja nao. Kwa hiyo usidhani unaniandikia jambo la kipuuzi. Mtu aliyeishi na kiumbe miaka 14 anakijua kwa nyayo zake; kikiondoka, nyumba inabadilika sauti.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama pale pale: kwenye ungo wa mchele. Wewe umeandika kwamba mama ana maneno ya kuvunja mjadala. Mpwa wangu, pale mama hakuvunja mjadala, aliufungua. Dada yangu huyo ana magoti yanayouma, anameza diklofenaki, mumewe amekufa, na anayelisha nyumba ni mwanawe aliye mbali. Halafu kwenye simu, kwa spika, akasikia mwanawe huyo akisema kwamba aliyezeeka hana faida, anakula bure, amalizwe. Ulitaka asikie mbwa peke yake?

Sijui kama baba aliacha neno asiguswe. Inawezekana aliliacha mama akiwa peke yake naye, kama maneno mengi ya wazee yanavyoachwa. Inawezekana pia mama amelitunga mwezi huu. Usimhoji. Kilichopo ni kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna wazee wawili wenye miguu mibovu, na mmoja anatazama ninyi mtamfanyaje mwenzake.

Kwa hiyo la kwanza, hata kabla ya daktari: neno "faida" lisitajwe tena. Mpigie kaka yako, bila spika, umweleze nilichokueleza. Siamini kwamba ni mtu mbaya. Ni mtu anayetuma hela na kupokea matatizo kwa simu, na watu wa namna hiyo hupenda jambo liishe kabla ya muda wa maongezi kuisha. Mwambie ampigie mama amuulize habari ya magoti. Mbwa asimtaje kabisa siku hiyo.

Na ile nyama yenye dawa, hapana. Watu huisema kama kwamba mbwa analala tu asubuhi akakutwa ametulia. Hatulii. Sumu zinazotumika mitaani, za panya na za shambani, nyingi huua kwa kutoa mapovu, kutapika, kukakamaa na kutetemeka, pengine kwa saa nyingi, na mnyama anajua yanayompata. Anayekula matapishi yake naye anaweza kufa, awe kuku au mbwa wa jirani. Na mtoto wako atakuwa chumba cha pili akisikia. Zaidi ya hayo tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa, hata awe wako.

La pili, vile vidonge vya mama. Simamisha leo. Najua vinatoka kwenye huruma, lakini dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni humchoma mbwa tumbo na kumwharibia figo. Hata panadol ina hatari kwake. Pengine hizo siku za tatu anazokiangalia chakula bila kula ni tumbo linalowaka, si uzee. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kwa uzito wake, na daktari wa mifugo ndiye anayezipima.

Hapo ninyi wa Morogoro mna bahati ambayo wengi hawana. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama, ndiko wanakofundishiwa madaktari wa mifugo wa nchi hii. Rafiki yangu mmoja wa fani hiyo, nilipomsomea barua yako, alinikatiza kabla sijamaliza: "Amwonyeshe kwanza. Mambo mengine watu wanaita uzee kumbe ni jino." Akanihesabia. Jino bovu humfanya mbwa akatae chakula. Kucha zikirefuka sana humwumiza kukanyaga. Mkojo wa kujitokea unaweza kuwa ugonjwa wa kibofu, na una dawa. Sakafu inayoteleza tandikeni magunia, toka anapolala mpaka mlangoni. Kule kuzunguka usiku na kusimama mbele ya ukuta hakuna dawa ya kukomesha kabisa. Akili ya mbwa nayo huchakaa, kama ya mzee anayeuliza mara tano leo ni siku gani. Mwachieni taa ya nje usiku, na kibanda msikihamishe.

Huenda baada ya hapo akapata miezi mizuri. Huenda akapata wiki mbili. Lakini mtakuwa mmejua kinachomuua, na mama atakuwa ameona kwamba aliyezeeka katika nyumba hii huanza kwa kupelekwa hospitali.

La tatu ndilo gumu, nami sitakuzungusha. Mimi nakubaliana nawe juu ya sindano. Si leo, na si kwa sababu amechosha. Ni pale siku mbaya zitakapozidi nzuri. Watu wengi husema tumwache afe mwenyewe, Mungu atamchukua, na ukiwatazama unaona hawataki tu kuwa na mkono katika jambo hilo. Mbwa asiyeweza kuinuka hafi kwa amani ya Mungu, mpwa wangu. Anakufa kwa kiu, kwa vidonda vya kulalia, kwa mainzi. Anachukua siku nyingi.

Hizo siku nzuri na mbaya mtazijuaje? Daktari mmoja wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo cha mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila moja unalipa alama toka 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 anaweza kuendelea kutunzwa. Ni kipimo kizuri, ila kwenu ningekifanya chepesi. Weka vikombe viwili dirishani jikoni. Kila jioni mama, na awe mama, si wewe, atie punje moja: ya maharage kama leo Watasema alikula, alitoka juani, alitikisa mkia hata mara moja, ya mahindi kama hakufanya. Usimuulize, usimkumbushe. Mwachie vikombe vyake. Mtu aliyechambua mchele maisha yake yote hahitaji kuambiwa kikombe kipi kimejaa.

Akikutajia tena kwamba uhai ni wa Mungu, usibishane naye, maana ni kweli. Mwombe mwende kwa padri au mchungaji wenu, mkamuulize pamoja. Mithali 12:10 inamtaja mwenye haki kuwa ni mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Sisi upande wetu tumefundishwa kwamba hata unapochinja, unoe kisu, umpunguzie mnyama mateso. Sioni dini iliyotuambia tumwache asote.

Siku yenyewe ikifika, daktari aje nyumbani. Usimpakie Watasema kwenye bajaji akafie kwenye harufu asiyoijua. Mwambie daktari mapema kwamba unataka sindano mbili: ya kwanza ya usingizi, na baada ya kama robo saa, akiwa amelala fofofo, ya pili kwenye mshipa wa mguu wa mbele. Hiyo ya pili ni dawa ya usingizi iliyozidishwa kipimo. Pumzi husimama katika dakika chache, na moyo. Nakwambia mapema ili msishtuke: macho hayafumbi. Mkojo unaweza kutoka, misuli ikacheza, na hata pumzi moja kubwa ikatoka baada ya daktari kusema amekwisha. Hayo si maumivu, hayupo tena.

Shimo liwe limechimbwa tangu jana yake, kina cha mita moja na zaidi, mbali na kisima. Dawa ile hubaki katika nyama, kwa hiyo mbwa koko akifukua akala naye anaweza kufa, na kunguru pia. Mawe juu kabla ya udongo wa mwisho. Kumtupa jalalani kusiwepo.

Na mtoto. Mwambie kweli, kwa neno lenyewe: Watasema atakufa, daktari atamsaidia asiumie. Usiseme "amelala," ukaja kushangaa usiku hataki kulala. Wala lile la "amepelekwa shamba." Mimi nikiwa na miaka saba niliambiwa paka wetu amepanda jahazi kwenda Unguja kumtembelea nduguye. Msimu mzima kila jahazi lililoingia Pangani nilikwenda kulipokea. Mama yangu alikuja kuniambia ukweli nimeshaoa. Mwanao amechomwa sindano kwa ajili ya mbwa huyo, ana haki ya kujua. Akitaka kukaa karibu akae, akitaka kwenda kucheza aende. Ila mhakikishie jambo moja, maana mtoto wa miaka 9 atakuwa analiwaza na hatalisema: mbwa hauawi kwa sababu alimng'ata.

Hao wa nyumba ya pili waache. Baba yako alishawajibu mwaka 2011, na amewajibu kila jioni kwa miaka 14. Siku daktari akija, toka getini ukaite jina la mbwa kwa sauti, kama alivyokuwa akiita yeye.

Zimebaki elfu 45. Usizitumie, wala usizirudishe kimya kimya kwa kumkabidhi mhasibu wa shule, itazuka hadithi kubwa kuliko shangazi. Mtafute yule mwenzako aliyekuuliza, mwambie mwenyewe: sina shangazi mgonjwa, ni mbwa wa marehemu baba, niliona aibu. Mpe bahasha mkononi. Kama ni mwenzako kweli atacheka kwanza, halafu atakuuliza anaitwa nani. Na wakisema wote ukae nazo ziwe za daktari, pokea. Lakini huyo shangazi usimponye wala usimwue, mpwa wangu. Mwache pale alipo, usije ukachangiwa na sanda.